Barua Aliyosoma Bombei

Barua ile ilisema nini?

Nilikuwa na miaka kumi nilipojiuliza swali hilo mara ya kwanza, nikiwa nimebanwa kwenye benchi katika banda la video la Mkuyuni, Mwanza, na sikupata mtu wa kunijibu nikaridhika.

Limenirudia mwezi huu kwa sababu ya harufu ya bisi. Nimekwenda sinema mara tatu ndani ya wiki nne, jambo ambalo si kawaida yangu. Nadhani nilikuwa nakimbia chumba changu. Mara ya kwanza nilitoka kabla picha haijaisha. Mara ya pili nilikaa mpaka taa zikawashwa, lakini ukiniuliza nani alimwoa nani, sikumbuki. Mara ya tatu ilikuwa picha ya Kikorea yenye maandishi ya Kiingereza chini ya skrini, na badala ya kutazama nyuso za watu nikajikuta nayapeleleza yale maandishi. Mzee mmoja alizungumza kwa pumzi ndefu, machozi yakimlengalenga, na maandishi yakasema tu: sawa, nenda.

"Huyu kasema mengi kuliko hayo," nilimnong'oneza rafiki yangu.

"Tazama picha, dada. Hujaja mahakamani."

Akanisogezea bisi. Zilikuwa za moto, zina siagi na chumvi nyingi, na mara moja sikuwa tena kwenye kile kiti laini. Nilikuwa Mkuyuni, Jumamosi, saa nane mchana.

Miaka ile ya tisini kila kitu kilikuwa kinafunguliwa, na watoto tuliambiwa hivyo bila kuelezwa kilikuwa kimefungwa na nani. Sabuni za nje zilijaa madukani. Mitumba ilimwagwa chini kwenye maturubai. Viwanda vya samaki vilijengwa ufukweni, minofu ya sangara ikapanda ndege kwenda Ulaya, na sisi tukabakiziwa mapanki, yaani kichwa, mgongo na mkia, mifupa iliyokwisha kukwanguliwa nyama. Baba alikuwa akifanya kazi kiwanda cha nguo Nyakato, na kila jioni alirudi na jina la mtu mwingine aliyepunguzwa kazini. Jumba la sinema la mjini lilikuwa linavuja na viti vyake vimetoboka. Huku kwetu, chini ya mawe makubwa ya mlimani, mabanda ya video yalikuwa yanazuka kila wiki.

Banda letu lilikuwa la mbao na mabati, limezibwa nyufa kwa nailoni nyeusi. Ndani mlikuwa na televisheni moja, deki moja, na mabenchi yaliyochana sketi zetu. Umeme ukikatwa, na ulikatwa sana, jenereta liliwashwa nje, na moshi wake uliingia ukachanganyika na harufu ya bisi zilizofungwa kwenye kurasa za madaftari ya shule. Mara nyingine ulikula bisi huku unasoma hesabu za mtu aliyepata sifuri.

Jumamosi mchana ilikuwa zamu ya akina mama, na zamu hiyo ilikuwa ya picha za Kihindi. Kando ya televisheni, juu ya kreti la soda, alikaa mtu tuliyemwita Bombei, ameshika kipaza sauti, akitafsiri kila kilichosemwa. Alidai aliwahi kuwa baharia akafika Bombay na kukaa huko mpaka lugha ikamwingia. Wenye midomo walisema meli pekee aliyowahi kupanda ni ile ya kwenda kwao Ukerewe. Alikuwa Mkerewe kweli, na r na l zake zilibadilishana viti zipendavyo, hivi kwamba mpaka leo nikimwona mfalme wa Kihindi kwenye picha, kichwani mwangu ni "mfarume".

Shangazi Kabula, dada mkubwa wa baba, hakukosa Jumamosi hata moja. Alikaanga mapanki sokoni, na hata akioga na kuvaa khanga safi, harufu ya mafuta ilitangulia kuingia bandani. "Kabula amefika!" wanawake walipiga kelele, wakicheka. "Leteni limau!" Naye alijibu, "Kuleni bisi zenu, mnuke Ulaya," kisha akaketi benchi la mbele na kunivuta kando yake.

Mwanaye wa pekee, kaka Maduhu, alikuwa amekwenda kwenye machimbo ya dhahabu upande wa Geita. Alisema angerudi kabla ya Krismasi. Krismasi tatu zilipita. Hakuna barua, hakuna salamu, na wachimbaji waliorudi walitoa habari zilizopingana: mmoja alimwona Kahama, mwingine alisikia shimo limewafukia watu wa huko kwetu. Kila usiku shangazi alipakua ugali wa Maduhu kwenye sahani yake ya bati yenye ukingo wa bluu, akaifunika, na asubuhi akawapa kuku. Mama yangu, ambaye ni Mjita na si mtu wa kusema sana, alikuwa akigeuza uso.

Sasa, barua. Kulikuwa na kanda moja iliyozunguka ikirudi kwetu kila baada ya wiki chache, imenakiliwa mara nyingi hata nyuso zilikuwa na chenga. Haikuwa na jalada wala jina. Katikati ya picha, mama mmoja mwenye sari nyeupe anakaa kizingitini, tarishi anakuja na baiskeli, anamfungulia barua na kumsomea. Kamera haimwonyeshi mwandishi. Inaonyesha mikono ya yule mama tu.

Mara ya kwanza Bombei alishusha sauti, akasema: "Mama, mimi mwanao ni mzima. Nitakuja mvua zikianza. Usichoke kuningoja."

Shangazi akainama mbele. "Bombei, rudia barua."

Akarudisha kanda, akasoma tena. Akamrudishia mara tatu, na wanawake wakavumilia.

Kanda iliporudi tena, shangazi alikuwa kitandani na malaria. Nikaenda peke yangu. Tarishi akaja na baiskeli ile ile, mikono ikaonekana vile vile, na Bombei akasema: "Mama, nimepata mchumba huku mjini, mnene, mweupe, tafuta ng'ombe wa mahari!" Banda zima likacheka. Mimi sikucheka. Niliandika sentensi zote mbili nyuma ya daftari la sayansi, moja chini ya nyingine, na kuziangalia kama mtu aliyemkamata mwizi.

Nilimwambia shangazi jioni ile ile, akiwa bado anatetemeka chini ya blanketi.

"Bombei anadanganya. Leo barua imesema mambo ya harusi."

"Wewe Nyanzala, Kihindi ulijifunza lini?"

"Sikijui."

"Basi ninyamazie, mwanangu, kichwa kinauma."

Ningenyamaza, pengine, kama si ujio wa baba mkubwa. Alifika kutoka Magu siku ya Alhamisi na jogoo mikononi. Baada ya kula alikohoa, akasema ukoo umechoka kukaa katikati, si kilio si kicheko. Jumapili wazee wangekuja. Maduhu aliliwe, watu wanyoe, nguo zake zigawiwe, mambo yaishe.

"Sijaambiwa kuwa mwanangu amekufa," shangazi alisema.

"Nani akwambie, Kabula? Shimo?"

"Nitawajibu Jumapili."

Nami nilijua anakwenda kumwuliza nani kwanza. Kesho yake asubuhi kanda ile ilikuwa kwenye ubao wa banda, imechorwa kwa chaki kuwa picha ya Jumamosi: mama mwenye sari nyeupe. Jambo hilo lilinichoma. Hivi mtu mzima anawezaje kuamua uhai wa mwanawe kwa mdomo wa mtu anayeuza vicheko? Niliona ni wajibu wangu kumwokoa. Lakini lile swali la shangazi lilikuwa limenifunga: Kihindi sikijui. Nikahitaji anayekijua.

Darasani kwetu alikuwapo Nasim. Baba yake alikuwa na duka la misumari na rangi katikati ya mji, nywele zake zilifika kiunoni, na shule nzima tulimwita Mhindi. Aliitika. Nilimweleza mpango wangu wakati wa mapumziko ya Ijumaa hiyo.

"Wewe utasikiliza barua, halafu useme kweli. Basi."

Nasim alikuwa anamenya chungwa. Akatupa ganda. "Kwenye video kuna bisi?"

"Nitakununulia."

"Haya."

Jumamosi tulikaa watatu benchi la mbele. Shangazi alikuwa amevaa khanga mpya kama anayekwenda hospitali kuona mgonjwa. Hakuna aliyemtania kuhusu limau. Habari za wazee kutoka Magu zilikuwa zimekwisha kuzunguka soko.

Tarishi akaja. Bombei akatupia jicho benchi la mbele, akashusha sauti, akasoma ile ya kwanza yote mpaka usichoke kuningoja. Mama, mimi mwanao ni mzima.

"Rudia," shangazi alisema.

Nikasimama. Sauti ilitoka kubwa. "Anatunga! Hajui Kihindi! Wiki ile alisema ni harusi, nimeandika! Nimekuja na mwenyewe, aulizwe mwenyewe!"

"Kaa chini wewe, unatuziba!"

"Mtoto gani huyu? Hana mama?"

"Lakini mwacheni, huyo Mhindi si yupo? Aseme!"

"Aseme, aseme!"

Bombei alisimamisha kanda, akaweka kipaza sauti mapajani. Kilipiga kelele kali, akakizima. Nilimwona akijifuta mikono kwenye suruali, na kwa mara ya kwanza niliona kwamba alikuwa mzee kuliko nilivyodhani.

Shangazi hakunitazama. Alikuwa anaitazama ile mikono iliyoganda kwenye kioo, na akasema kitu polepole kwa Kisukuma, si kwetu, si kwa mtu. Kisukuma changu kilikuwa cha kusalimia tu. Nyumbani tulisema Kiswahili kwa ajili ya mama, na shuleni aliyesema lugha ya kabila alichapwa fimbo. Sikuelewa. Sikujali pia. Nilikuwa namtazama shahidi wangu.

Nasim alimeza bisi. "Rudisha nyuma," alimwambia Bombei.

Bombei akarudisha. Tarishi akaja na baiskeli yake, akasoma, na hakuna aliyetafsiri. Banda zima lilisikiliza Kihindi kitupu, na jenereta nje. Nasim alikuwa ameinamisha kichwa upande mmoja, kama daktari anayesikiliza kifua.

"Ndivyo," alisema. "Anasema ni mzima."

"Na mvua?" mwanamke mmoja aliuliza kutoka nyuma.

"Mvua zikianza. Na mama yake asichoke."

Vigelegele vikapasua mabati. Mtu alinipiga kikumbo nikakaa. Katika kelele zile Bombei alimkodolea Nasim macho, mdomo wazi, kama mtu aliyetupa jiwe gizani akasikia limemjibu.

Jumapili wazee walikaa uani, shangazi akawapa uji na jibu. "Bado."

"Kwa ushahidi gani?" baba mkubwa aliuliza.

"Kwa ushahidi wangu."

Waliondoka na hasira. Mvua zikaanza, Maduhu hakuja. Mvua zikaanza tena mwaka uliofuata. Sahani iliendelea kupakuliwa. Mara ya tatu, asubuhi moja isiyo na lolote, nilimkuta shangazi akiisugua ile sahani kwa majivu mpaka ukingo wa bluu ukang'aa. Aliipanga kabatini na nyingine. Akanyoa nywele mwenyewe, shati la Maduhu akampa kaka yangu, kisha akamtuma baba kwenda Magu. "Waambie sasa waje." Alilia siku nne, halafu akarudi sokoni kwenye karai lake. Nimeona watu wengi wakifiwa tangu wakati huo, na wachache tu walioachiwa wachague siku.

Mimi na Nasim hatukusemezana muhula mzima. Nilimwona msaliti, ingawa sikuweza kueleza amesaliti nini, maana alikuwa amesema kweli, na kweli ndiyo niliyomwitia. Lililonisumbua zaidi ni kwamba ilinibidi niamini kuwa Bombei anajua Kihindi. Nikaacha kuandika nyuma ya daftari. Kwa muda, hata hivyo. Chuo kikuu kilinirudishia ugonjwa huo, na sasa ndio hivyo, nagombana na maandishi ya sinema.

Kanda ile nimeitafuta. Haina jina, kwa hiyo nawaeleza wauzaji habari za sari nyeupe na baiskeli, nao wananiambia kuna picha mia za namna hiyo. Barua ilisema nini, sijui.

Mwaka jana nilipokwenda Mwanza nilimkuta Nasim akiendesha duka la baba yake. Tulikunywa soda katikati ya makopo ya rangi, na hatimaye nikamwuliza.

Nasim hajui Kihindi. Hakuwahi kujua hata neno moja. Watu wa baba yake ni Wabulushi, si Wahindi, waliosahau lugha yao tangu enzi za babu, na aliyemlea ni bibi yake mzaa mama, Msukuma wa Misungwi. Siku ile bandani aliyeeleweka kwake hakuwa tarishi. Alikuwa shangazi yangu, aliyesema, kwa Kisukuma, lugha iliyonipa jina langu tu: "Wakisema amekufa, leo usiku ile sahani nimpakulie nani?"