Baruti Mpaka Ukingoni

Nimewaeleza watu wengi mambo mengi: jinsi ya kusoma bili ya gesi, jinsi ya kuendesha gari kwenye barafu, jinsi ya kusukuma theluji bila kuvunja mgongo. Sichoki kueleza. Lakini mwaka jana, wiki moja kabla ya msimu wa kulungu kufunguliwa, nilimweleza mtu mmoja jambo moja mara nne. Ilipofika ya tano nilipanda ngazi, nikasimama jikoni kwangu Cheektowaga nikiutazama mlango wa friji.

Mtu huyo ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu, anayeishi Louisville. Na tatizo lenyewe lilianzia kwake. Kiangazi kile kulikuwa na harusi ya ndugu huko kwake. Kesho yake akawapeleka wageni kwenye uwanja wa shabaha, akampa binti wa kaka yangu bunduki yake kubwa yenye risasi za nguvu kamili. Binti ana miaka ishirini na mbili, anaishi Columbus karibu na Morse Road, anapakia maboksi ghalani, na alikuwa hajawahi kushika bunduki. Ilimpiga teke begani akarudi nyuma hatua mbili. Wanaume wakacheka. Tangu siku hiyo, kidole chake kikigusa kifyatulio, anafumba macho na mtutu unainama kabla risasi haijatoka.

Hilo si jambo dogo. Anayefumba macho humpiga mnyama tumbo, na mnyama huenda kufia mbali kwa maumivu. Binti alikuwa ameshasoma kozi ya uwindaji na kupata leseni. Akanipigia simu.

"Baba mdogo, nataka twende wote. Lakini ikinipiga vile tena, basi. Sitashika bunduki tena."

Nikamwambia waziwazi: aje Jumamosi, tupige pamoja uwanjani. Akiweza kupiga macho wazi, tunaenda porini. Asipoweza, simpeleki msimu huu. Akasema sawa.

Dawa ya teke ninaijua, kwa sababu risasi zangu ninazitengeneza mwenyewe kwenye chumba cha chini ya nyumba. Unachukua kichwa chepesi cha risasi, na baruti kidogo ya aina inayofaa kazi hiyo. Aina ndiyo muhimu. Wengi hudhani ni kuchukua baruti ile ile ya kila siku na kuimwaga nusu, lakini baruti ya kuwaka polepole ikipunguzwa ovyo huweza kupasua bunduki vilevile. Kwa hiyo mimi hufungua kitabu cha vipimo cha watengenezaji, natafuta ukurasa wa risasi za teke dogo, nafuata kilichoandikwa, sipunguzi, siongezi. Baruti hiyo huwaka haraka, na kipimo chake hakifiki hata nusu ya ganda. Ukiangalia ndani kwa tochi unaona shimo tupu, kama debe la unga mwisho wa mwezi.

Ijumaa mchana shemeji alifika. Alikuwa amempitia binti njiani, wameendesha tangu usiku. Binti akaenda kulala. Shemeji akashuka kwangu na kikombe cha chai, akachungulia maganda yaliyopangwa kwenye kibao.

"Shemeji, hii mbona iko nusu?"

Nikamweleza. Akatikisa kichwa. Nikaeleza tena kwa mfano wa pikipiki na lori. Akanywa chai, akachanganya Kifaransa chake kama kawaida.

"Bon. Lakini ule mutoto anatoka mbali. Utamupa nusu?"

"Si chakula, shemeji."

"Donc kulungu atasikia tu mulio, aende zake."

Nikamweleza mara ya tatu kwamba kwa umbali mfupi kichwa chepesi kinamtosha kulungu kabisa. Nikamweleza mara ya nne kwamba baruti hii ikijaa ganda, bunduki inapasuka usoni mwa anayepiga. Akasema amesikia. Mke wangu akaniita juu nimsaidie kushusha sufuria kubwa, nikaenda.

Nilikosea hapo. Kwetu, kwenye milima ya Kivu Kusini, mgeni humiminiwa maziwa mpaka ukingoni, na kikombe kisichojaa ni tusi ambalo watu hulikumbuka miaka. Mimi nimelelewa hivyo. Ningepaswa kujua kwamba mtu wa kwetu, tena anayejilaumu kwa bega la mtoto, hawezi kuachwa peke yake na vyombo vilivyojaa nusu.

Niliporudi alikuwa amekaa kwenye kiti changu, mkononi ana kijiko cha chai.

"Nilikusaidia kidogo," akasema. "Kumi nimeshamaliza."

Alikuwa amejaza maganda kumi kwa kijiko, amepunguza kidogo pale kichwa kilipokataa kuingia, amekandamiza vizuri kwa mashine yangu, kisha amechanganya risasi hizo kwenye boksi moja na ishirini nzuri nilizokuwa nimeshamaliza. Amezipanga vizuri, zote zimeelekea upande mmoja.

Hapo ndipo nilipopanda jikoni.

Niliposhuka tena sikupaza sauti. Nilimwambia, "Kesho binti angeweka moja ya hizi karibu na jicho lake." Akakitazama kile kijiko, akakiweka chini.

Ningeweza kuzitenga kwa mizani, au kuzitikisa nisikilize ipi baruti yake haichezi ndani. Sikutaka. Zilivunjwa zote thelathini, moja baada ya nyingine, kwa nyundo ya kutolea vichwa, na yeye ndiye aliyeipiga hiyo nyundo mpaka mkono ukamuuma. Baruti nikaimwaga kwenye bustani. Nikaanza upya, mlango umefungwa, yeye yuko upande wa pili. Mpaka chakula cha jioni nilikuwa na risasi kumi na mbili tu.

Jumamosi binti alipiga ya kwanza akiwa amekunja uso wote.

"Ni hiyo tu?" akauliza.

"Ni hiyo tu."

"Mjomba alisema umetengeneza za watoto."

"Mjomba wako apumzike."

Shemeji, aliyesimama nyuma yetu, akatazama mawingu.

Ya pili, ya tatu. Matundu yakaanza kusogeleana kwenye karatasi. Nilikuwa ninampakilia mwenyewe, moja moja. Baada ya ya saba nilimwekea ganda tupu lisilo na fataki ya kuwashia wala baruti, sikumwambia. Mtu anayeogopa teke hujifichua hapo: mlio hautoki, lakini mtutu unaruka na macho yanafumba.

Kifyatulio kikalia tik. Mtutu haukusogea hata unywele. Macho yake yalikuwa wazi, yametulia kwenye shabaha.

Akageuza kichwa taratibu, ameudhika. "Baba mdogo, hii umesahau kuweka baruti. Unapima nini kule chini?"

Nilifungua bunduki, nikatoa lile ganda. Nikamwambia Jumamosi ijayo tunaondoka kabla hakujapambazuka, avae soksi jozi mbili.