Salvina na Flashi Tupu

Mtenda husahau, mtendwa hasahau. Mimi maneno hayo niliyaona kwa macho yangu kwa Salvina, mwanamke aliyetunza picha katika studio ya Bwana Mohsin pale Kambarage, Shinyanga. Kila mkanda aliukata vipande vya picha sita sita, akavitia kwenye bahasha, na juu ya bahasha akaandika sherehe, tarehe na jina la mpiga picha. Ukija kutafuta harusi ya mwaka themanini na tisa, mkono wake uliingia kabatini ukatoka nayo kabla hujamaliza kusalimia. Watu walisema ana kichwa cha ajabu. Kichwa gani! Lile lilikuwa donda. Aliyepokonywa picha moja ya maana hawezi kuvumilia ya mwenzake ipotee.

Picha yenyewe ilikuwa ya mama yake, Monika. Mwaka 1984, siku ya kipaimara cha binti yake kule kwao Ushirombo, Monika aliazima viatu kwa jirani, vikambana, akavivaa hivyo hivyo. Alikuwa hajapigwa picha tangu azaliwe. Akaja mpiga picha kutoka Geita, Donatus, mwenye pikipiki na kamera ya flashi. Akawasimamisha mama na binti mbele ya ua, akamwinua Monika kidevu kwa kidole, na flashi ikawaka. "Picha zitakuja," akasema. Miaka miwili Monika alibaki nje ya kanisa kila baada ya misa akiulizia. Kisha akaugua, akafa. Ukimwuliza Salvina pua ya mama yake ilikuwaje, anaanza kukujibu, anasita, halafu anakasirika.

Siku zote hizo alidhani picha ilipotea njiani. Kumbe! Mwaka 1991 Donatus aliingia studio kununua mikanda. Sasa alikuwa na jina kubwa Geita, ndiye aliyewapiga picha wachimbaji siku duara, shimo lao la machimbo, likitema dhahabu. Akaegemea kaunta akaanza kuwafundisha wenzake kazi.

"Nyie mnaumia kwa ujinga," alisema. "Mtu wa jembe unampiga flashi tupu. Ndani ya kamera hamna kitu, lakini yeye ameona mwanga, roho yake kwatu! Mkanda unawawekea wenye nazo. Akija kuulizia, mwambie picha imeungua. Wa kule Ushirombo niliwapiga hao mpaka betri zikaisha."

Wakacheka wote. Salvina alikuwa nyuma ya pazia na mkasi mkononi. Hakulia, hakutoka kumrarua, ingawa angeweza. Alimaliza kukata mkanda wake, akafunga bahasha, akasema kimoyomoyo: Donatus, mimi na wewe tutaonana. Na tangu siku hiyo, kila Donatus alipofika, Salvina alikuwa wa kwanza kumwamkia. "Shikamoo, kaka Donatus." "Marahaba, dada yangu, hujambo?" Miaka mitano! Chuki ya kelele mimi siiogopi. Naiogopa ile inayokuandalia na kiti.

Basi mwaka 1996 Padri Alois akatimiza miaka ishirini na mitano ya upadri, na sherehe ikapangwa Ushirombo alikozaliwa. Watu walitarajiwa kutoka Kahama, Geita, mpaka Nkome ziwani. Kazi ya picha akapewa Mohsin, naye akaingiwa na hofu.

"Salvina, maelfu ya watu! Tutajuaje picha ipi ni ya nani?"

Salvina alikuwa na jibu tayari. Wapiga picha watatu, kila mmoja na herufi yake. Kila anayepigwa apewe kikaratasi chenye herufi ya mpigaji na namba ya picha. Mikanda ikishasafishwa Mwanza, picha zibandikwe ubaoni kwa namba zile zile, Jumapili ya pili yake, na mtu aje na kikaratasi chake achukue uso wake. Yeye mwenyewe angekaa mezani na daftari.

"Na wapiga picha tumwite nani?"

"Mwite Donatus."

Mohsin alimtazama. "Nilidhani humpendi."

"Nani kakwambia? Kaka yangu yule."

Siku yenyewe Donatus alifika na kamera mbili shingoni, na Salvina hakuhitaji mganga kumwambia ya pili ilikuwa na nini ndani. Donatus alipewa herufi D. Wenye suti na magari aliwapiga kwa kamera ya kulia, akawaandikia namba vizuri. Wakulima aliwageuzia ya kushoto, na kwa uvivu wake akawaandikia wote namba moja: D12, D12, D12. Aliona karatasi ni karatasi tu. Nani katika umati ule angelinganisha?

Saa nne asubuhi wakaja mezani wanawake wawili wazee wameshikana mikono, wote wakimwita Padri Alois mtoto wetu. Mmoja, Bibi Nyamizi, wa hapo hapo Ushirombo. Mwingine alikuwa dada yake, aliyeolewa Nkome na kuzeekea huko akianika dagaa. Hawakujua kusoma, wakaomba wasomewe kikaratasi.

"D12," akasoma Salvina. Dakika kumi kabla alikuwa amemsomea mzee mmoja D12 hiyo hiyo. Akasema moyoni: Kaka Donatus, umeingia mwenyewe! Angeweza kuinuka pale pale, akamnyang'anya kamera, akawarudisha mabibi wale kwa mpigaji mwingine. Mchana wote ulikuwa bado. Lakini akapiga hesabu: watu wawili si aibu, watu wawili ni bahati mbaya. Alitaka aumbuke mbele ya umati.

"Nendeni, mabibi zangu," alisema. "Picha zitakuja."

Jumapili iliyofuata ubao ulisimama nje ya ukumbi, picha zimepangwa safu kwa safu, na watu wamejaa kama siku ya mnada. Donatus alikuwepo, na fulana yake ya mifuko mingi, akipokea sifa za wenye suti. Salvina akapanda juu ya benchi.

"Wenye D12 jitokezeni mbele!"

Wakatoka watatu. Wakatoka kumi. Walipofika thelathini na saba watu walianza kunong'ona. Ubaoni D12 ilikuwa moja tu, ya mfanyabiashara mmoja wa Kahama na mkewe mnene.

"Kaka Donatus," Salvina akaita, sauti yake tamu kama asali, "hebu tusaidie. Hawa wote umewaweka wapi?"

"Zimeungua," Donatus akasema. "Mwanza wameziunguza."

Salvina akainua negativu za D juu, mkanda mzima, akawaonyesha watu kwenye jua. "Thelathini na sita, zote nzima. Iliyoungua iko wapi? Ulikuwa unawapiga flashi tupu! Kama ulivyompiga mama yangu, Monika, hapa hapa Ushirombo, akakusubiri mpaka akafa!"

Loo! Sitaki kuyaeleza yote yaliyompata Donatus mchana ule. Fulana ya mifuko mingi ilibaki mikononi mwa watu, na pikipiki aliisukuma mpaka barabarani kwa sababu magurudumu hayakuwa na upepo tena. Jina la Flashi Tupu lilifika Geita kabla yake. Wachimbaji hawakumwita tena, kwani nani anataka siku yake ya dhahabu ipigwe na mtu yule? Siku za mwizi arobaini, na Salvina alizihesabu zote kwa mkono wake. Alishuka kwenye benchi kwa raha. Aliona amemlipia mama yake.

Watu walipotawanyika, Bibi Nyamizi alikuwa bado amesimama mbele ya ubao.

"Bibi, usihuzunike," Salvina akamwambia. "Nina kamera hapa. Nitakupiga sasa hivi, bure, nikuletee mpaka nyumbani."

"Peke yangu ya nini? Nilisimama na dada. Miaka ishirini na mbili hatujaonana, na Jumatatu kapanda basi kurudi ziwani. Macho yake yamekwisha, amesema hasafiri tena." Bibi akakigeuza kikaratasi kwenye kiganja chake. "Asubuhi ile tulikuja mezani kwako, mwanangu. Ukatusomea hii. Ulikuwa umeshajua?"

Salvina angeweza kukataa. Mdomo ulifunguka ukitaka kukataa.

"Nilijua, bibi."

Bibi Nyamizi akamtia kikaratasi mkononi.

"Kumbe mlikuwa wawili," alisema, akaondoka bila kuaga.