Besi Yenye Jina la Dada

Nina hasira, na atakayeona naongea sana aendelee na shughuli zake.

Dada yangu mkubwa, ambaye bendi nzima inamwita Ngurumo, anapiga gitaa la besi tangu mimi sijaanza shule. Baada ya kupasuliwa tumbo, ukingo wa gitaa ukawa unamgandamiza kwenye kovu mpaka machozi yanamtoka jukwaani. Mwingine angeacha. Yeye alichukua tupa na msasa, akaketi uani, akalichonga gitaa mgongoni hadi likapata bonde la kukaa tumbo lake. Pembe ya juu, pale unapofungwa mkanda wa begani, akairefusha kwa kipande cha ubao, ili kichwa cha gitaa kisivute chini.

Fundi magitaa alipoliona akalisifu, akaomba alichukulie vipimo atengeneze mengine. "Tutayaita Ngurumo, dada yangu," alimwambia. Dada alicheka kama mtoto. Kwetu sifa hatuzikatai, hilo nakubali.

Basi fundi akalilaza gitaa chali juu ya karatasi, akalizungushia penseli, akalirudisha. Chali! Hakuligeuza hata mara moja. Akatoa la nyuzi nne, la nyuzi tano, la shingo fupi, na lile la shingo laini lisilo na vile vyuma vya kugawa noti. Yote yana pembe ndefu, yote yana jina la dada kichwani kwa rangi ya dhahabu, na yote mgongoni ni bapa kama meza.

Siku ya kuyazindua dukani kwa fundi, kiongozi wa bendi alimvisha dada lile la nyuzi tano. Wimbo haujafika katikati, nikamwona anajiuma mdomo. Akaacha kupiga.

"Fundi, bonde la mgongoni liko wapi?"

"Mgongo nani anauona, dada? Wateja wanatazama mbele."

"Tumbo langu haliko mbele ya gitaa."

Watu wakacheka. Kiongozi wa bendi akamsogelea, akamwambia huku ameuma meno, "Usituaibishe. Vumilia wimbo mmoja tu, la sivyo nafasi yako anachukua mwingine."

Vumilia! Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na hawa walitaka maiti atabasamu pia.

Dada akavua mkanda wa gitaa. Akaokota tupa kwenye meza ya fundi, nikadhani anataka kuchonga mgongo. Wapi! Alikwangua jina lake kichwani, akahamia la nyuzi nne, kisha la shingo fupi, fundi akipiga kelele kwamba anaharibiwa mali.

"Magitaa ni yako, fundi, uza," dada alisema. "Jina ni langu, naondoka nalo."

Kiongozi wa bendi akamwambia asikanyage tena mazoezini.

"Sawa, kaka," alijibu bila kumtazama.

Alipofika kwenye lile la mwisho, la shingo laini, likawa linamteleza kila akikwangua. Nikapita katikati ya watu, nikamshikia gitaa ili amalizie.