Historia ya Baba Ndani ya Mashine Kuukuu

Baba yangu, mwalimu mkuu mstaafu wa Kanyakine, aliandika mwenyewe historia yake ya marehemu, ile inayosomwa mazishini, miaka mingi kabla ya kuihitaji. Alisema amehudhuria mazishi ya kutosha kujua watoto huandika nini: tarehe mbovu, sifa za uongo na sarufi ya aibu. Historia hiyo ilikuwa ndani ya kompyuta aliyouziwa shule yake ilipopata mpya, dude zito linalokaa sebuleni chini ya kitambaa alichofuma mama.

Juzi alinipigia simu. Jumatatu angefanyiwa upasuaji, na kabla ya kwenda alitaka kusahihisha jambo moja katika ile historia, lakini kompyuta imekataa. Hakusema ni jambo gani.

Nilifika na laptopu yangu kutoka Meru mjini, nikashauri tuiandike upya.

"Historia haiandikwi upya," alisema. "Inasahihishwa. Si wewe ndio fundi?"

Hilo neno fundi lilinigusa. Nilipoacha chuo cha ualimu nikasomee kompyuta, aliniambia nimechagua kucheza, na kwa miaka miwili hakunisemesha. Sasa mchezo ulikuwa umepata heshima.

Mashine iliwaka vizuri, ila ilikuwa imepoteza mfumo wake, ile programu inayoiamsha na kuiambia la kufanya. Baba alisema diski za kuurudisha, zile bapa za zamani zinazohifadhi kwa sumaku, zipo, zimetunzwa. Mama akazitoa chini ya redio.

"Niliweka hapo zisishike vumbi," alisema.

Sumaku ya spika ilikuwa imezifuta zote, huku redio ikitangaza vifo kila jioni. Sikumwambia. Alikuwa amezifunga hata kwa plastiki. Ilipona diski moja tu, ya mitihani ya darasa la nane, kwa sababu baba aliificha ndani ya Biblia ili maswali yasiibwe.

Nikashusha mfumo kutoka mtandaoni. Ni mdogo kuliko picha ya mbuzi niliyotumiwa na dada yangu asubuhi hiyo, lakini kuusafirisha kutoka laptopu hadi kwa jirani yake pale mezani kulinimalizia siku. Laptopu haina mahali pa kutia diski. Nilirudi mjini kuazima kifaa cha kuchomeka kando, na aliyeniazima akaniuliza kama tunafungua makumbusho. Nikaanza kuuandika mfumo juu ya ile diski ya mitihani, na mara mbili uandishi ulikwama katikati. Mara ya tatu mitihani ilifutika, mfumo ukakaa, nikaitia diski kwenye mashine ya baba. Ikakoroma, ikanyamaza, ikakoroma tena. Nikaiamuru ihamishie mfumo ndani yake, ikatii.

Nikafungua historia kuona kama iko salama. Ilikuwa salama kabisa. "Marehemu ameacha mke na watoto watatu," ilisema, na majina yakafuata.

Sisi tuko wanne. Niliyasoma majina yale mara mbili, kama mwanafunzi anayetafuta matokeo yake ubaoni. Iliniuma, sitadanganya. Nilikuwa nimetoka jasho siku nzima kufufua mashine ambayo ndani yake sikuwahi kuzaliwa.

"Imeamka?" Baba alikuwa amesimama mlangoni.

Nikampisha kiti. Akavaa miwani, akaanza kudonoa kwa kidole kimoja.

"Hii kazi yako inaitwa nini, rasmi?" aliuliza bila kunitazama.

Nikamwambia. Akaiandika yote, herufi moja moja, mbele ya jina langu alilokuwa ameliongeza. Kisha akarudi juu, akafuta "watatu", akaandika "wanne".

"Mashine ilikuwa imesahau mtu," alisema.

"Ndio, Baba," nikamjibu. "Za zamani ziko na hiyo shida."