Nilivuta Chini, Simu Ikaenda Juu

Hii maneno ningekaa nayo hadi kaburini, lakini wale waliokuwa kule kwa wakwe, kijiji cha Kwanza, siku hiyo wanaizungusha sokoni kwetu Ndalu, kila mtu na chumvi yake, sasa heri niseme mwenyewe vile ilikuwa. Niliaibika. Niliaibika mbele ya wakwe, mimi mwanamke mzima mwenye wajukuu kumi na mmoja, mimi ambaye watoto wakisikia nakohoa wanatoka kwa maembe ya jirani, na hakuna mtu alinisukuma. Ni kidole changu tu. (Hiki cha kulia, kinachofuata gumba. Hadi leo nikikiangalia nakikasirikia.)

Simu nilinunuliwa na Nekesa, kitinda mimba wangu, anayefanya kazi huko Lugulu. Alisema Biblia yangu ina herufi ndogo na macho yamechoka, kwa simu herufi zinakuzwa mpaka zinakuwa kama maandishi ya ukuta wa duka. Hapo alisema kweli. Mimi shule niliachia darasa la tatu. Kusoma nasoma, lakini nasoma neno moja, napumzika, neno lingine, mdomo unatangulia na maana inafika baadaye. Hilo lishike, utaliona mbele.

Shida ilikuwa kusukuma yale maandishi. Kidole changu kimeshika jembe miaka mingi, nikigusa polepole simu haisikii, nikikaza inaruka, naanza Zaburi ya ishirini na tatu, nikigusa mara moja niko mia na arobaini. Tena inaenda upande sio. Mtu akitaka kuona chini si anavuta chini? Nikitafuta kijiko kilichoanguka chini ya meza siangalii paa. Lakini hii simu ukitaka ya chini unasukuma juu. Nikamwambia Nekesa, "Hii kitu waliigeuza kichwa huko dukani. Irekebishe."

Akacheka. "Mama, ndivyo watu wote wanasukuma. Sema ni karatasi, unaisukuma juu ndio ile sehemu ya chini ipande."

"Watu wote si mama yako. Rekebisha."

Basi akaingia ndani ya ile apu ya Biblia, na kumbe kuna mahali pa kuchagua mwendo, wameweka picha ya kobe upande huu na sungura upande ule, na mahali pengine pa kugeuza maandishi yafuate upande unaotaka. Nikasema kobe. Akaweka kobe, akageuza na upande, nikajaribu. Navuta chini, naona ya chini, polepole kama ng'ombe wanaorudi nyumbani wameshiba. Nilifurahi sana. Nekesa akasema kitu, na hapa ndipo mambo yalianzia kuharibika: "Lakini Mama, sikia vizuri. Hii ni ya hapa kwa Biblia peke yake. Kwa meseji bado itaenda vile ya watu wote." Nikajibu nimesikia. Sikuwa nimesikia, nilikuwa nasoma. Kwa akili yangu simu ni moja, ukishaifundisha adabu sebuleni haiwezi kukosa adabu jikoni.

Sasa kuna Simiyu. Huyo ni mjukuu wangu wa kwanza, mtoto wa kifungua mimba wangu Barasa, kijana mpole, na alikuwa amepata msichana anaitwa Wanjiku, watu wao walihamia Kwanza kutoka Kiambu kabla hata ya mama yake kuzaliwa, wanalima mahindi kama sisi. Mara ya kwanza tulienda watu watano tu kubisha hodi. Walitupokea vizuri, sina neno, lakini chai! Mimi na chai tuna mambo yetu. Kwangu chai ni maziwa, maji ni ya kuoshea sufuria. Ile ya kwao ilikuwa nyepesi hadi nilifikiri wamesahau kitu, nikainywa nusu nikaweka chini. Tuliporudi, waliobaki nyumbani wakauliza kwa grupu ya familia safari ilikuwa aje, nami nikawatumia sauti kwanza, halafu nikaona haitoshi, nikamwambia Nekesa, aliyekuwa amekuja nyumbani, "Andika, nasema." Nikasema, akaandika kila neno, watu wakacheka kwa grupu, nikasahau.

Wiki tatu baadaye ndiyo ikawa safari kubwa, watu wetu wote wajulishwe kwa watu wao, na baada ya hapo wazee wa upande wao waseme kama wanatupatia msichana ama bado wanafikiria. Simiyu alinijia asubuhi hiyo amevaa suti mpya, shingo imejaa jasho na jua bado halijatoka vizuri. "Kukhu," akaniambia, ndivyo kwetu wanavyoita nyanya, "leo mambo yangu yote iko kwa mdomo yako."

Ilikuwa kwa mdomo wangu kwa sababu mimi mwenyewe nilitaka. Kwetu majina hayasomwi ovyo. Wanaanza wazee, halafu nyumba ya mke wa kwanza, halafu ya pili, na ukimtaja mdogo kabla ya mkubwa, huyo mkubwa atakaa kwa harusi amekunja uso mpaka keki iishe. Msemaji wetu ni shemeji yangu Wekesa, ndugu ya marehemu mzee wangu, na safari ya mwisho kwa wakwe wengine alisahau nyumba nzima, watu saba, walisimama wenyewe wakajitaja kama watoto wa shule. Kwa hivyo nilisema wazi, "Wekesa atasalimia, majina nitasoma mimi, tena kutoka kwa simu." (Na niseme ukweli wote, nilitaka wale wa Kwanza waone hata sisi tuna simu.) Nekesa alikuwa kazini siku hiyo, lakini aliandika orodha kwa grupu mapema ili kila mtu aone mahali pake, halafu akanipigia. "Mama, mtu akuandikie na kwa karatasi?"

"Karatasi ya nini?" nikamjibu.

Tulipita Kitale tukanunua mkate na sukari, tukafika Kwanza saa tano. Walikuwa wamejenga hema, wao upande huu, sisi upande ule, na katikati nafasi ya nyasi ambayo mtu havuki mpaka aitwe. Mbele kabisa upande wao aliketi nyanya ya Wanjiku, wanamwita Mama Kamau, kitambaa cheupe kichwani, mgongo umenyooka, hacheki ovyo. (Nilimpenda kwa hilo, lakini sikuwa nimemwambia mtu.) Wekesa akasalimia, akaomba, akasalimia tena, hatimaye akanipa nafasi. Nikasimama, nikavaa miwani, nikafungua grupu, na orodha ilikuwa hapo.

Nilianza vizuri. "Mzee Wekesa, ndugu ya babu ya kijana. Simama wakuone. Mama Namalwa, shangazi mkubwa. Simama." Watu wanasimama, wanapigiwa makofi, mambo yanaenda. Nilipofika jina la saba kioo kikaisha. Sikuwaza hata kidogo. Nikavuta chini, vile nimezoea kwa Zaburi.

Bana, ilikimbia! Hapakuwa na kobe. Ilikimbia sungura kabisa, tena juu, kwa meseji za zamani, na nilipokaza kidole ikasimama wiki tatu nyuma. Mimi sikujua ni wiki tatu nyuma. Niliona maandishi nikaendelea, kwa ile sauti yangu ya kusoma kanisani.

"Nyanya... ya msichana..."

Upande ule wakaitikia kwa kichwa, wakifikiri sasa wakwe wanatoa heshima. Mama Kamau akajiweka sawa kwa kiti.

"...anakaa... kama chifu... anangoja kupigiwa... saluti."

Kicheko kidogo. Walidhani ni mzaha wa wakwe.

"Mandazi... si mbaya. Lakini chai yao... ni maji ya kuosha... vikombe."

Hapo ndipo maana ilinifikia, na iliponifikia mdomo ulikuwa umeshamaliza.

Ningenyamaza hapo ingekuwa nusu ya aibu. Lakini nilitaka kurudi kwa majina, na majina yalikuwa chini, kwa hivyo nikavuta chini tena, na kila nikivuta inapanda zaidi, na katika kutafuta mahali pa kushika kidole kikagusa ile sauti yangu. Simu yangu sauti iko juu kabisa kwa sababu ya sikio la kushoto. Ikatoka hivi, wazi, mpaka kwa barabara: "Mwambieni Simiyu aangalie vizuri! Hiyo chai ukiinua glasi kwa mwanga unaona ng'ombe wa jirani!" Nikagonga kidole izime. Haikuzima. Nilikuwa nimegonga ile alama ya kuongeza mwendo wa sauti, sasa ikarudia mbio mbio kama bata amekanyagwa, "ng'ombewajirani, ng'ombewajirani," hadi shangazi Namalwa akaninyang'anya akaiketia.

Wekesa akaruka. "Wakwe, msishtuke! Siku hizi matapeli wanaingia kwa simu za wazee. Hiyo si sauti ya mtu, ni kompyuta."

Mzee mmoja wa upande wao akauliza polepole, "Na hiyo kompyuta ni ya Ndalu? Naona inaongea kama nyinyi."

Wakacheka wote isipokuwa watu watatu. Simiyu alikuwa anaangalia viatu vyake. Mimi. Na Mama Kamau, ambaye aliinua mkono watu wakanyamaza, akaniangalia moja kwa moja. "Mama Barasa, ni wewe ulisema hayo?"

Wekesa alikuwa ananikonyeza kwa nguvu. Njia ya uongo ilikuwa imefunguliwa, ningepita tu. Lakini nimelea watoto sita na kiboko kimoja na sheria moja, kwamba lile ulilolisema mgongoni mwa mtu, ukiulizwa uso kwa uso, unalikubali. Sasa Barasa alikuwa ameketi hapo nyuma yangu, mzee mwenye mvi, aliyepigwa kwa sheria hiyo.

"Ni mimi," nikasema. "Nilisema, tena nikaandikisha."

Mama Kamau hakupandisha sauti. "Wiki hiyo ng'ombe wetu alikuwa amekauka," akasema. "Jirani alitupatia maziwa kikombe moja. Tuliweka yote kwa birika yenu. Sisi wa nyumba tulikunywa strungi, bila hata tone la maziwa."

Nilikumbuka ile nusu niliyoacha kwa glasi. Nikavua miwani, nikavuka zile nyasi bila kuitwa, nikamshika mikono yote miwili, nikamwambia, "Mama Kamau, nimekosa. Usimhesabie kijana. Ni mdomo wangu, si wake."

Alinishikilia, nikasikia mikono yake nayo ni ya jembe. Halafu akasema kwa sauti ya watu wote wasikie, "Nimesamehe. Lakini faini iko. Siku ya harusi, chai yote utapika wewe, ya kwenu na ya kwetu. Na mimi nitainua glasi yangu kwa mwanga watu wote wakiona."

"Na ukiona ng'ombe?" yule mzee wao akamchokoza.

"Nikiona hata mkia, Wanjiku anarudi nyumbani."

Hapo hema likapasuka kwa kicheko, na Simiyu akapumua kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Majina yaliyobaki yalisomwa na Wekesa kwa kichwa. Alisahau watu wawili. (Mmoja alikuwa mimi.)

Siku ya harusi niliamka alfajiri. Nilikuwa nimekusanya maziwa ya nyumba tatu, nikapika sufuria nne kubwa, sikuruhusu mtu yeyote kugusa mwiko, na maji nilitia kidogo tu, ya kulowesha majani. Mama Kamau akaletewa ya kwake kwa glasi. Akaichukua, akasimama, akaiinua kwa jua, akafunga jicho moja. Watu wakaacha kula. Mimi nimesimama hapo na aproni, mwiko mkononi, miaka yangu yote, nangoja kama mtoto anayesomewa matokeo.

"Sioni kitu," akasema, akanywa yote. Aliponirudishia glasi akaniinamia sikioni. "Sukari ndiyo umezidisha."

Nekesa nilimwambia arudishe ile Biblia vile ilitoka dukani, upande wa watu wote, kobe peke yake nikabaki naye. Sasa nikitaka ya chini nasukuma juu kama wengine, na siku kidole kikisahau nakipiga na kingine. Kwa grupu naandikisha salamu na habari za mvua, basi. Majina ya safari ijayo, maana kuna mjukuu mwingine ameanza kuoga mara mbili kwa siku, nimeyaandika mwenyewe kwa karatasi ya daftari, yako ndani ya ile Biblia yangu ya zamani, hayaendi popote. Na chai ya mtu, hata ikiwa nyepesi namna gani, namaliza yote kwanza, halafu nauliza ng'ombe yuko aje.