Nyumba ya Bibi Niliyoipamba

Kazi yangu ni kupamba kumbi za harusi. Niseme vizuri: kazi ni ya mama mmoja hapa Iringa mjini, mimi ni msaidizi wake. Yeye anapatana na wenye sherehe, mimi napanda ngazi nikiwa na pini mdomoni. Nilimaliza kidato cha nne, matokeo tuyaache huko huko. Lakini nipe ukumbi wenye kuta zilizobanduka rangi, nipe na vitambaa vyangu na asubuhi moja tu, halafu uje jioni uniambie kama umeziona hizo kuta. Najisifu, ndiyo. Na hicho ninachojisifia ndicho kilichonifanya nipite njia ya mzunguko, mwezi mzima na zaidi, nisikutane na bibi mmoja wa mtaani kwetu.

Kwetu ni Kihesa, sehemu ya juu kwenye majabali. Nyumba nyingi pale ni za zamani, za tofali mbichi, zimejengwa na watu waliotoka vijijini wakasema tukae hapa kwa muda, na ule muda haukuisha. Mimi nilikuwa na ndoto na mtaa ule. Nikipita natembea naupaka rangi kichwani: mlango huu bluu, ule njano, hapa maua, pale benchi la wazee. Wenzangu wananicheka. "Huyu ataupamba mpaka mtaro," wanasema. Nami najibu, mtaro ndio wa kwanza.

Basi ukaja mradi wa nyumba. Yalikuwa mashirika mawili yameshikana mikono. La Iringa linatoa mafundi, la Mbeya linatoa bati, mbao na saruji, na serikali ya mtaa inathibitisha kuwa kiwanja ni chako. Wewe mwenye nyumba unatoa tofali za kuchoma, maji na nguvu za kusaidia fundi. Awamu ya kwanza ilikuwa nyumba kumi, zilizo na hali mbaya kuliko zote. Mwenyekiti wa mtaa alitutangazia kwamba wageni watapita nyumba kwa nyumba wajionee wenyewe.

Bibi niliyemtaja alikuwa anaishi peke yake, nyumba ya mwisho chini ya jabali kubwa. Si bibi yangu wa damu, ila ndiye aliyekuwa ananipa uji nikitoka shule nikute mama hajarudi sokoni. Tofali alikuwa nazo. Alizifyatua mwenyewe kidogo kidogo kwa misimu miwili, majirani wakamsaidia kuchoma tanuri, akazipanga uani mpaka zikaota majani. Alichokosa ni bati jipya na fundi. Ukuta wake wa nyuma ulikuwa umepasuka kutoka juu hadi chini, umelalia nje, na kila mtu alijua kwamba mvua ikija vizuri ule ukuta hautaimaliza. Kwa hiyo tulijua, bibi ni wa kwanza kwenye orodha. Hata kubishana hakukuwepo.

Siku mbili kabla ya wageni, mwenyekiti akasema, "Jamani, tusafishe. Wasije wakatuona watu wa ajabu."

Nani alinyoosha mkono? Mimi. Nikasema niachieni mtaa. Nilimwomba bosi wangu vitambaa vilivyochoka, vile visivyofaa tena kwa harusi, akanipa gunia zima. Nikaanzia kwa bibi, kwa sababu nampenda.

Kwetu mgeni haonyeshwi shida. Akija, unaazima kiti, unaazima kikombe, unamkalisha mahali pasipovuja, na akiondoka ndipo unarudi kwenye maisha yako. Bibi amelelewa hivyo, nami nimelelewa hivyo. Hakuna hata mmoja wetu aliyesimama akauliza kama wageni hawa wanakuja kwa ajili ya hiyo shida yenyewe.

Nilipaka udongo mweupe kwenye ukuta wa mbele. Kwenye ule ufa wa nyuma nilishusha pazia la mikunjo, refu, kama lile la nyuma ya maharusi. Juu, bati lilikuwa limetoboka mpaka mchana unaona nukta za jua sakafuni. Nikavuta kitambaa cheupe kutoka kona hadi kona nikatengeneza dari. Nikaazima makochi mawili kwa jirani. Bibi akasimama mlangoni amejishika kiuno.

"Mjukuu wangu, hii nyumba inaolewa?"

"Inaolewa, bibi. Mahari bati."

Alicheka mpaka akakaa chini. Na mimi nilicheka. Sasa hivi nikikumbuka kile kicheko natamani kujifunika shuka.

Wageni walikuja watatu, na aliyekuwa anaandika alikuwa afisa wa shirika la Mbeya, kaka mmoja mpole mwenye miwani. Walikuwa na nyumba nyingi za kupitia. Kwa bibi waliingia sebuleni, wakakaa kwenye yale makochi, wakapewa chai. Afisa akaangalia juu, akaangalia huku na huku, akauliza, "Bibi, nyumba ina tatizo gani?"

Bibi akajibu kama anavyojibu mtu mwenye adabu zake. "Hatujambo, mwanangu. Tunamshukuru Mungu."

Nilikuwa nimesimama pale pale na birika mkononi. Ningeweza kusema. Lakini yule kaka alikuwa ametoka kuniuliza nani kapamba, nami nilikuwa bado natafuna ile sifa.

Wiki mbili baadaye tuliitwa ofisi ya mtaa kusomewa majina. Tulikaa kwenye ngazi na kwenye nyasi. Yakasomwa kumi, la bibi halimo. Nikadhani wameliruka. Halafu afisa akafunga karatasi yake, akasema anataka kuwapongeza wale wanaojitahidi wenyewe bila kungoja msaada. "Kwa mfano yule bibi wa pale chini ya jabali. Nyumba yake ni darasa. Tumpigie makofi."

Watu wakaangaliana, kisha wakapiga makofi, maana mgeni amesema. Bibi naye alipiga. Alipiga taratibu, anaangalia mbele, kama mtu aliyeambiwa makofi ni ya mwenzake.

Halafu wakaniita mimi. Kijana aliyehamasisha usafi. Wakanipa fulana yenye nembo ya mradi, nikapigwa nayo picha. Nilitabasamu, jamani. Picha ipo, na meno yangu yote yanaonekana.

Tulipokuwa tunatawanyika, mama muuza maandazi, ambaye hajui kunong'ona, alinipita akasema, "Hongera, mpambaji. Umempamba bibi wa watu mpaka kakosa bati."

"Mama, mimi nilitaka mtaa upendeze."

"Umependeza. Si unaona? Umependeza mpaka hauna shida."

Ile fulana sikuivaa hata siku moja. Kuitupa nikashindwa, kuigawa nikashindwa. Niliiweka chini ya godoro. Bibi sikwenda kumwona. Nilijiambia nina kazi nyingi, msimu wa harusi. Nikaanza kupita kwa kuzunguka shuleni ili nisipite mlangoni kwake.

Mvua ya kwanza ilinyesha siku ya Jumapili tukiwa kanisani, nzito, hata mchungaji akanyamaza maana bati lilikuwa linamzidi sauti. Wengine walikuwa wanafurahi na mashamba yao. Mimi niliona ule ukuta tu. Ilipokatika sikurudi nyumbani, nilikwenda moja kwa moja kwa bibi na viatu vya ibada.

Ukuta ulikuwa umesimama bado. Lakini ndani, dari langu lilikuwa limejaa maji, limening'inia katikati kama tumbo la mjamzito, na chini yake bibi amepanga beseni, sufuria, na hata bakuli la mboga. Kitambaa hakuwa amekitoa.

"Bibi, kwa nini hukukikata?"

"Kitambaa cha watu, mjukuu. Nilitaka nikifue nikurudishie, ila sikifikii." Kisha akaniangalia. "Umepotea."

Nikapanda juu ya stuli, nikakitoboa kwa pini, maji yakamwagika kwenye beseni. Nililia nikiwa huko juu. Alidhani ni maji ya mvua, au aliamua kudhani hivyo.

Kesho yake nilianza kuzunguka. Shirika la Iringa waliniambia wao ni mafundi tu, orodha ni ya Mbeya. Mwenyekiti akasema orodha aliiona imeshapigwa chapa, yeye aifanyeje. Nilipiga simu Mbeya mara tatu, na mara mbili nilikata mwenyewe ilipoanza kuita. Ya tatu akapokea yule kaka wa miwani. Nikamwambia yote bila kupumua: pazia, dari, makochi ya kuazima. Nikamwambia ni mimi.

"Sasa dada, wewe ulitaka tuone nini?"

Akasema nina bahati, familia moja kati ya zile kumi imehamia Makongolosi kwenye machimbo ya dhahabu, nafasi moja iko wazi, na Alhamisi atakuwa Iringa. Atapita mwenyewe. "Ila naomba niikute nyumba kama ilivyo. Usiguse kitu."

Nilimpelekea bibi habari mbio. Nikamweleza mara mbili: asipange, asifunike, asiazime. Akaitikia, "Sawa, sawa, nimesikia." Alhamisi nikafika nusu saa kabla ya mgeni. Uwanja umefagiliwa una mistari. Chupa ya chai ya kuazima iko mezani na vikombe vya maua. Benchi limesogezwa hadi ukuta wa nyuma, na juu yake, mbele ya ufa, imening'inizwa kanga yake mpya ya Pasaka.

"Bibi! Tulisema nini?"

"Tulisema mgeni anakuja."

"Bibi, huyu ndiye mwenye bati."

"Kwa hiyo mwenye bati si mgeni?"

Nilianza kusogeza benchi, akakaa juu yake. Mwanamke wa uzito wa mfuko wa mkaa nusu, na sikuweza kumtoa. Tukiwa hivyo hivyo, hodi ikapigwa.

Yule kaka aliingia, akasalimia, akapewa kikombe. Akaangalia paa, safari hii akaona matundu, akaandika. Lakini matundu ya bati nusu ya mtaa wanayo. Akauliza ukuta. Bibi akasema ukuta haujambo. Akauliza tena, kwa upole zaidi, bibi akasema ni mzee tu kama yeye mwenyewe, ila anasimama. Kaka akaniangalia. Nikaona anaanza kufunga jalada lake.

Ndipo nikamwambia bibi, "Samahani." Nikamshika mikono nikamwinua kwenye benchi, nikalisukuma, nikaivuta ile kanga ikadondoka.

Ufa ulikuwa mpana kuliko nilivyouacha. Bibi alikuwa ameuziba kwa matambara ili upepo usipite. Sikufikiri. Nikaanza kuyachomoa nimwonyeshe mgeni kina chake: sweta, gunia, mfuko wa sukari, kisha kitu cheupe kirefu ambacho nilikivuta kikaja chote, kikakunjuka mkononi mwangu mbele ya yule mwanamume. Lilikuwa gagulo la bibi, la kuvaa ndani ya gauni, limechanika, limeshonwa, limechanika tena. Na nyuma yake mchana ukaingia, tukaona nje mpaka kwenye tofali zake.

Kaka wa miwani aliinamisha macho kwenye karatasi. Mimi nilibaki nimeshika ile nguo sijui niiweke wapi. Bibi hakunikemea. Aligeukia meza, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mwongezee mgeni chai."

Nikamwongezea.

Jina la bibi likaingia. Mafundi walikuja wiki ile ile kabla mvua hazijakolea, wakaubomoa ule ukuta kwa kuusukuma kwa mikono tu, na mmoja akasema wallahi ungemwua mtu. Mtaa mzima ulitoka kusogeza tofali. Mama muuza maandazi alileta ndoo mbili za maji, akanipita bila neno, na kwake yeye huo ulikuwa msamaha.

Bibi alikuwa jikoni kwa jirani, anapikia mafundi uji. Tangu siku ile ya Alhamisi alikuwa ananisalimia vizuri, kamwene, za kwenu, mama hajambo, salamu zote kwa mpangilio wake, kama anavyomsalimia mke wa mchungaji. Hakuniita mjukuu. Siku ya tatu ya ujenzi nikashindwa, nikamfuata pale jikoni, nikapiga magoti.

"Bibi, nisamehe. Nisingefanya vile usingepata."

"Najua," akasema. Alikuwa anakoroga, haniangalii. "Bati nimeliona. Nimeshukuru, nawe nakushukuru. Kusema ulipaswa kusema, na mimi nilikuwa mbishi."

Nikangoja. Akapuliza moto, akarudi kukoroga.

"Ila ungeniambia kwanza nitoke nje."

Ni hilo tu. Kutoka kwenye benchi hadi mlangoni ni hatua nne. Ningemshika mkono nikamwambia, bibi, nenda ukaangalie kuku, naye angekwenda, angejua kwa nini, na sisi sote watatu tungebaki na heshima zetu. Mimi ninayejua kuficha ukuta wa ukumbi mzima kwa asubuhi moja, hilo halikunijia kichwani.

Nilisema, "Ndiyo, bibi." Fundi akaita tofali. Nikainuka kwenye magoti yangu nikaenda kubeba.