Fundi Yuko Juu ya Ngazi

Mke wangu alistaafu ualimu, akahamishia shule sebuleni kwangu. Kila jioni wanafunzi wa sekondari hujazana kwenye makochi yangu na hisabati zao, fizikia zao na insha zao, na mimi, fundi cherehani mwenye heshima zangu, najibanza barazani. Hilo ningelivumilia. Kisichovumilika ni kwamba kila mfano ni mimi.

Kwenye hisabati nanunua matikiti maji tisini na kuwagawia majirani, wajane wakipata mara tatu ya wengine. Kwenye fizikia nasukumwa mteremkoni juu ya kigari bila msuguano. Kwenye insha ndiyo kabisa: nimekufa maji, nimekufa moto, na binti mmoja alinizika vizuri mpaka akaongoza darasa.

"Nakutumia wewe kwa sababu uzito wako naujua," mke wangu alinijibu nilipolalamika.

Mtaani nikaharibikiwa. Mwenye duka aliniuliza ni wajane gani hao. Kijana mmoja akanisimamisha njiani.

"Shikamoo, Fundi. Ile treni uliyopanda, ilikutana na ile nyingine wapi?"

"Marahaba. Sijui, mwanangu, nilikuwa nimelala."

Akaandika hivyo hivyo. Mke wangu alimpa sifuri, na mimi akaninunia kutwa nzima.

Lakini kilichoniuma hasa ni kingine. Hakuna aliyeniuliza tena nimeshindaje. Nikisema chai imepoa, naulizwa imepoa kwa nyuzi ngapi. Nikaanza kuogopa kwamba sina mke tena, nimebaki na mwalimu anayejua kilo zangu.

Siku moja mvua ikaanza kuvujia madaftari yao. Ilipokatika, nikaegemeza ngazi ukutani, nikapanda kuziba bati. Wanafunzi wote wakatoka kunitazama, maana wiki hiyo walikuwa wanasoma habari za ngazi. Sakafu ya sementi chini yake ilikuwa bado imelowa. Ngazi ikateleza, nami nikashuka nayo hadi kwenye beseni la nguo. Sijajua hata kama mguu ni wangu, nikasikia kalamu zinakwaruza.

"Mwalimu, tuchukue urefu wa ukuta au wa ngazi?"

"Na beseni tulihesabu?"

"Insha nayo tuandike? Amekufa?"

Mke wangu alitoka mbio na kiatu kimoja, akapiga magoti kwenye maji ya sabuni.

"Hapa hakuna swali!" alifoka. "Huyu ni mume wangu! Wekeni kalamu chini!" Kisha akaniinamia. "Baba watoto, umeumia wapi?"

Nilikuwa nimeteguka kifundo cha mguu tu. Nikajifanya sijasikia, ili aniulize tena.

Wiki iliyofuata nililala kwenye kochi langu mwenyewe, mguu juu ya mto, wanafunzi wamebanana sakafuni. Akawasomea swali jipya: fundi yuko juu ya ngazi, mkewe ameishika kwa chini kwa mikono miwili, tafuta nguvu anayotumia mke.

Wa mbele akanyoosha mkono. "Mwalimu, hujasema ameishika kwa muda gani."

Mke wangu akanitazama juu ya miwani.

"Mpaka ashuke," alisema. "Haya, andikeni."